Maumivu ya Kinena kwa Mpanda Baiskeli: Yasiyosemwa Yanapohitaji Kusemwa

Mara tu baada ya sala ya Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, barabara za pwani yetu huwa ni za watu wa baiskeli. Yupo mchuuzi wa mikate na kreti zake nyuma, muuza samaki anayewahi wateja kabla jua halijapanda, muuza maziwa, kijana wa madumu ya maji, mlinzi anayerudi nyumbani kutoka zamu ya usiku, na ustadh anayekwenda madrasa ya kijiji cha pili. Kuanzia Msambweni na Ukunda hadi Kisauni, Kilifi, Malindi na Mambrui, nyumba nyingi zinapata riziki yake ya halali kwa chombo hiki cha magurudumu mawili. Hakinywi petroli, hakidai leseni, na kikiharibika fundi wa mtaani hukitengeneza chini ya mwembe.

Hata hivyo chombo hiki kina ushuru wake, nacho hutoza mahali ambapo mtu mwenye haya haoni vyema kupataja. Tunazungumzia kinena, msamba na mapaja ya ndani: michubuko, vipele, majipu, ganzi, misuli iliyokazana, na uvimbe ambao mtu huuficha chini ya kikoi akitaraji kwamba utapoa wenyewe. Katika toleo hili tumeona tulizungumze jambo hili waziwazi lakini kwa adabu, kwa sababu tunajua kuwa wako akina baba wanaokaa upande mmoja wa kiti wakati wa chakula, na wake zao hawajui ni kwa nini.

Tumelelewa tukijua kuwa haya ni sehemu ya imani, na hatutaki kuipunguza hata chembe. Lakini haya ya kweli haimfungi mtu mdomo akaangamia. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na masuali waliyouliza yalikuwa mazito kuliko haya yetu ya kiti cha baiskeli. Wazee wetu nao walisema mficha uchi hazai. Basi na tuseme.

Kiini cha maumivu

Mtu anapokaa sawasawa juu ya kiti kilichomfaa, uzito wa mwili wake hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Ndiyo ile unayoihisi ukikaa juu ya ubao mgumu. Mifupa hiyo imeumbwa kwa kazi ya kukaliwa. Msamba, yaani sehemu laini iliyo baina ya njia mbili, haukuumbwa kwa kazi hiyo. Hapo hupita mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda kwenye viungo vya uzazi. Kiti kikiwa chembamba mno, au pua yake ikiwa imeinuka juu, au mwendeshaji akiwa ameinama sana mbele, mzigo huhama kutoka kwenye mifupa ukaangukia hapo palipo laini.

Juu ya mgandamizo huo ongeza msuguano. Mguu hupanda na kushuka mamia ya mara kwa safari moja, na kila mara ngozi ya paja husugua kiti na mshono wa suruali. Kisha ongeza joto letu la pwani. Wakati wa kaskazi jasho halikauki. Hujikusanya kwenye mikunjo ya kinena, ngozi ikalainika kama iliyolowekwa, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko iliyo kavu. Penye michubuko vijidudu hupata mlango, na hivyo ndivyo wekundu wa Jumatatu unavyogeuka jipu la Alhamisi.

Asidhani mtu kuwa mambo haya huwapata wasiozoea tu. Katika mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Tour de France, ya mwaka 1989, Mfaransa Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa sekunde 50 mbele ya Mmarekani Greg LeMond. Zilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris. Fignon alikuwa na kidonda kilichotokana na kiti, na maumivu yake yalikuwa yakimnyima usingizi. Siku hiyo alipoteza uongozi wote, akashindwa mashindano mazima ya zaidi ya kilomita 3,000 kwa sekunde 8. Hatusemi kidonda peke yake ndicho kilichomshinda, kwani mwenzake naye alikwenda mbio ajabu. Lakini ikiwa bingwa mwenye daktari, mkandaji na baiskeli bora aliweza kuumia hivyo, mchuuzi wetu wa mikate asione aibu.

Kwanza tengeneza baiskeli, ndipo utafute dawa

Wengi hukimbilia marhamu, wakapaka, wakapanda tena kiti kilekile kilichowaumiza. Huko ni kupangusa maji sakafuni ilhali bomba linavuja. Chanzo aghalabu kiko kwenye baiskeli, na tiba yake ni spana ya fundi na robo saa ya subira.

Tazama kwanza mlalo wa kiti. Weka baiskeli mahali palipo sawa, kisha ulaze juu ya kiti ubao ulionyooka, au uazime pima maji ya mwashi. Kiti kinatakiwa kilale sawa, au pua yake iiname kidogo sana. Pua ikielekea juu, itakuchoma msamba kila ukanyagapo. Ikiinama kupita kiasi, utakuwa unateleza mbele na kujirudisha nyuma, na kuteleza huko ndiko kunakochubua.

Pili ni kimo chake. Kaa juu ya kiti, uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila ya nyonga kuinama upande. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo kama ilivyo kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa juu mno, makalio huyumba kulia na kushoto kama jahazi lisilo na farumi, na mapaja ya ndani huvutika hadi misuli ya kinena ikauma. Kikiwa chini mno, miguu haikusaidii kubeba uzito, na mzigo wote hukaa palepale. Katika nyumba ambamo baba na mwana hutumia baiskeli moja, kosa hili ni la kila siku: kiti kimepimwa kwa mmoja, na mwingine hulipia.

Tatu ni usukani. Ukiwa chini ya kiti, humlazimisha mtu kuinama, na mwenye kuinama hukalia msamba. Ukiwa sawa na kiti au juu yake, mtu hukaa wima akakalia mifupa yake. Kwa hili, ile baiskeli nyeusi ya kizamani iliyowabeba babu zetu, yenye usukani wa juu na kiti kipana cha springi, ilikuwa na hekima yake. Baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa siku hizi zilitengenezewa vijana wa michezo: usukani chini, kiti chembamba na kigumu. Hazikutengenezewa mtu wa kukaa saa 6 akiwa na kreti nyuma. Ukiipenda baiskeli ya namna hiyo, inunue, lakini umwambie fundi akuinulie usukani na akubadilishie kiti.

Nne ni kiti chenyewe. Kiti cha ngozi kilicholegea hubonyea pande mbili, na chuma cha katikati kikawa kama mgongo wa samaki. Sponji iliyokwisha nayo haina faida. Wala usidhani kuwa kiti laini kama mto ndicho bora. Kilicho laini kupita kiasi humezwa na mifupa, kisha katikati yake huinuka na kukandamiza palepale unapopakimbia. Kinachofaa ni kiti kilicho imara, chenye upana wa kubeba mifupa yote miwili, na ikiwezekana chenye mfereji au tundu katikati. Maumbile ya nyonga za mwanamke ni mapana zaidi, kwa hiyo kiti chake nacho huhitaji upana zaidi nyuma na pua fupi.

Mwisho ni namna ya kuendesha. Ukiliona shimo, simama juu ya pedeli kabla hujalifikia. Miguu ndiyo springi bora kuliko zote. Hata pasipo shimo, kila baada ya dakika kumi hivi inuka kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi tano au sita, ili damu irudi ilikokatizwa. Na mzigo wa keria uwe umegawanywa sawa pande zote mbili, kwani baiskeli inayoinama upande mmoja humkalisha mwenyewe upande mmoja pia.

Ngozi, nguo na usafi

Dini yetu imetutangulia katika somo hili, kwani tahara ni nusu ya kazi. Mwenye kuendesha baiskeli kutwa nzima asikae na nguo zilizolowa jasho akipiga soga barazani. Akifika nyumbani na aoge, ajikaushe vizuri mikunjo ya kinena kwa taulo lake mwenyewe lisilochangiwa na mtu, na avae nguo kavu iliyo pana. Kukausha ni muhimu kama kuosha.

Suruali ya jinzi ina mshono mnene palepale unapokalia. Haifai kwa safari ndefu. Chupi yenye ukingo mkali nayo huchora paja. Ziko kaptura za waendesha baiskeli zenye kitambaa kinene cha kukalia, ambazo huvaliwa bila ya chupi ndani, kwa kuwa nguo mbili husuguana. Tunajua kwamba kaptura hizo hubana na huonesha maungo, na baina ya kitovu na magoti ni uchi kwa mwanamume. Hakuna tatizo: zivae ndani, na juu yake uvae suruali pana nyepesi. Kwa ngozi inayochubuka upesi, paka mafuta mazito ya mgando kwenye mapaja ya ndani kabla ya kutoka, uyaoshe urudipo.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa mbali hawalitaji kwa kuwa haliwahusu. Kuondoa nywele za kinena ni katika sunna za maumbile, na muda wake haupitishwi siku 40. Wembe unaopita leo, kisha kesho mtu akapanda baiskeli kilomita 20, huacha vinywele vinavyokua ndani ya ngozi na vipele vinavyogeuka majipu. Sunna haiachwi, lakini wakati wake huchaguliwa. Nyoa siku ambayo kesho yake hutapanda, tumia wembe mpya, nyoa kwa kufuata nywele zilikoelekea, na uoshe kwa maji safi. Ambaye ngozi yake haistahamili wembe kabisa, amuulize sheikh wake kuhusu kupunguza kwa mkasi.

Ikiwa tayari kuna michubuko, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha, upake mafuta mepesi ya kulinda, na uipumzishe baiskeli siku mbili tatu. Jipu lisibinywe wala kutobolewa kwa pini. Likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto ya kustahamilika, dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Likizidi kukua, likileta homa au mistari myekundu, ni la daktari. Na majipu yanayorudi kila mwezi ni ujumbe: mtu apimwe sukari, kwani kisukari mara nyingi hujitangaza kwa njia hiyo.

Muwasho wenye duara, ukingo mwekundu ulioinuka na katikati palipopauka, kwa kawaida ni fangasi. Hutibiwa kwa krimu ya fangasi kama klotrimazoli, nayo hupakwa hata baada ya muwasho kwisha, kwa muda ulioandikwa, la sivyo hurudi. Tunawaonya hasa na zile krimu za mchanganyiko zinazonunuliwa dukani bila ya kumwona mganga wa hospitali. Ndani yake mna dawa kali ya kutuliza ngozi. Muwasho huisha kwa siku mbili, mtu akafurahi, kumbe fangasi inaenea chini kwa chini na ngozi ya kinena inakonda. Mafuta ya taa, dawa ya meno na maji ya betri tumesikia yakitumiwa pia. Hayo ni kujiunguza.

Kuhusu ibada: wapo wanaoacha jamaa msikitini kwa kuona damu au usaha wa kidonda umewaharibia udhu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, damu itokayo kwenye kidonda haitengui udhu, na kilichotoka kwenye kidonda cha mtu mwenyewe kimefanyiwa wepesi. Aliyeumia hata rukuu na sijda zikamshinda huswali kwa kadiri awezavyo. Tafsili ya hali yako muulize sheikh wa mtaa wako, lakini usiiache sala kwa sababu ya jipu.

Ganzi, na siri ya chumbani

Sasa tufikie mahali ambapo wengi hunyamaza zaidi. Mtu hushuka kwenye baiskeli akahisi viungo vyake vya siri vimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia. Baada ya dakika chache hisia hurudi, naye husahau. Asisahau. Ganzi ni mishipa ya fahamu ikilalamika kuwa imekandamizwa, na pamoja nayo mishipa ya damu.

Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini walichapisha uchunguzi wao juu ya askari polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli. Kabla ya uchunguzi, waliosema hawakupatwa na ganzi sehemu za siri katika miezi 6 iliyopita walikuwa asilimia 27 tu. Walipewa viti visivyo na pua, wakavitumia miezi 6. Baada ya muda huo, wasiopata ganzi walifika asilimia 82. Kazi ilikuwa ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni kiti.

Hatulisemi hili ili kutia watu hofu. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliochapishwa mwaka 2018, uliwalinganisha wanaume waendeshao baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, na haukuwaona waendesha baiskeli kuwa wapungufu wa nguvu za kiume kuliko wenzao. Uliona vilevile kwamba wanaosimama mara kwa mara juu ya pedeli, na wale ambao usukani wao uko sawa na kiti au juu yake, hawapatwi na ganzi kwa wingi kama wengine. Basi baiskeli yenyewe si adui. Adui ni ganzi inayopuuzwa mwaka baada ya mwaka.

Twalitaja hili katika jarida la familia kwa sababu ya yanayofuata ndani ya nyumba. Mume anapoona nguvu zake zimepungua, hamwambii mkewe. Hujitenga, huchelewa kuingia chumbani, huwa mkali kwa watoto. Mke naye huanza kudhani kuna mwanamke mwingine, au hudhani yeye ndiye aliyechusha. Halafu mtu wa tatu hunong'ona kuwa bwana amefungwa. Pesa za karo zikaenda kwa mganga, nyingine zikaenda kwenye chupa za mizizi zisizojulikana zina nini. Hatukatai kuwa husuda na uchawi vimetajwa katika dini, na dua na ruqya vina mahali pake. Lakini ni wajibu mtu aanze na lililo mbele ya macho yake: kiti anachokikalia siku sita kwa wiki. Apumzike kupanda kwa muda, abadilishe kiti, na amwone daktari. Daktari huyo pia atampima sukari na shinikizo la damu, maradhi mawili ambayo huharibu nguvu za mwanamume zaidi kuliko baiskeli yoyote. Na kabla ya daktari, amwambie mkewe. Siri hii ikiwa ya watu wawili huwa nyepesi. Ikiwa ya mmoja huvunja nyumba.

Uvimbe na misuli

Maumivu ya ghafla ndani ya paja, mtu anapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima na mzigo, aghalabu ni msuli uliovutika. Siku mbili za mwanzo haufai kukandwa kwa nguvu, hata na mkandaji hodari, kwa kuwa nyuzi zilizochanika huvuja damu zaidi. Unahitaji kupumzishwa na kuwekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano kwa kila mara. Kisha taratibu mtu atembee, anyooshe, na arudi kwenye baiskeli kwanza bila ya mzigo.

Uvimbe kwenye kinena unaotokeza mtu akikohoa au akinyanyua kreti, kisha ukarudi ndani akilala, yaelekea ni ngiri. Baiskeli haikuuzaa peke yake, lakini mizigo mizito huuzidisha. Hutibiwa kwa upasuaji. Ikitokea siku uvimbe ukawa mgumu, ukauma sana, ukakataa kurudi, na mtu akaanza kutapika, hapo hakuna kungoja asubuhi.

Busha nalo lina visa vingi huku kwetu. Wengine hulisingizia baiskeli, wengine madafu. Yote mawili hayana hatia. Busha la pwani yetu mara nyingi hutokana na minyoo midogo inayoletwa na mbu, ileile iletayo matende, na kaunti zote za pwani zinaijua. Ndiyo sababu wahudumu wa afya hupita nyumba kwa nyumba kugawa dawa za kuizuia, tuzipokee. Aliye nalo tayari asijifiche, kwani upasuaji wake ni wa kawaida, na wengi waliofanyiwa wamerudi kwenye kazi zao.

Watoto wetu, wa kiume na wa kike

Mvulana akiteleza akaangukia bomba la juu la baiskeli, akapoteza pumzi, usimcheke. Muulize baadaye kama amekojoa sawasawa. Damu kwenye mkojo au kwenye ncha ya uume, kushindwa kukojoa, au uvimbe unaozidi, ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Jeraha la njia ya mkojo lililopuuzwa huweza kuacha kovu, na miaka baadaye mkojo ukawa unatoka kwa shida.

Na liko moja ambalo kila mzazi anatakiwa alijue. Maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, awe mtoto ameanguka au hakuanguka, pengine na kichefuchefu, yaweza kuwa ni korodani iliyojisokota na kukatiwa damu. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Mtoto anayeona haya kumwambia mama hadi kesho huenda akaipoteza. Wafundisheni wavulana kwamba maumivu ya hapo husemwa saa ileile, hata usiku wa manane.

Kwa upande wa mabinti, baadhi ya wazazi huwakataza baiskeli wakihofia kuwa itawaharibia ubikira. Utando huo hutofautiana kwa maumbile kutoka binti mmoja hadi mwingine, na hali yake si ushahidi wa jambo lolote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalieleza kuwa kumkagua msichana kwa ajili hiyo hakuna msingi wowote wa kitaalamu. Stara ya binti ni tabia yake na mavazi yake. Anayekwenda shule kwa baiskeli na apewe kiti kipana, suruali ndefu pana chini ya buibui au gauni, na kifuniko cha cheni ili nguo isinaswe. Akisema mkojo unamchoma au sehemu zake zinauma baada ya kupanda, mama amsikilize na ampeleke zahanati, wala asimshuku.

Neno la mwisho kwa mwenye safari ya kesho

Mwili ni amana, na tumefundishwa kwamba una haki juu ya mwenyewe. Aliyechoka na kuumia, siku mbili za kupumzika haziwezi kumfilisi kama zitakavyomfilisi wiki mbili za kitandani. Ikiwa riziki ya siku haiwezi kungoja, ndugu au jirani aipande baiskeli kwa zamu hadi mwenyewe apoe. Huo ndio ujirani tuliourithi.

Basi jioni ya leo, baada ya sala ya Isha, itazame baiskeli iliyoegemea ukuta wako. Je, pua ya kiti yaelekea juu? Je, usukani uko chini ya kiti? Je, ngozi imebonyea hadi chuma kikaonekana? Likiwapo moja katika hayo, kesho pitia kwa fundi kabla hujapitia kwa muuza mikate. Na ukiwa tayari una maumivu, ganzi au uvimbe uliouficha, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, kisha umwone daktari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi wanaotafuta halali barabarani, na awarudishe salama kwa watu wao kila jioni. Amin.